Mguu Usiosema

Utingo alipiga bati la basi kwa kiganja, akasema kila mtu ashuke na mzigo wake. Daraja lilikuwa limepasuka kwa mvua ya usiku na hakuna gari ambalo lingethubutu kuvuka. Abiria wangepita kwa miguu juu ya mbao zilizotandikwa na mafundi wa barabara, na ng'ambo wangekuta magari mengine ya kuwapokea.

Ng'ambo hawakukuta gari hata moja. Walimkuta askari amekaa juu ya jiwe, buti zake zimejaa tope, akawaambia kwamba mbele kilima kimeporomoka na kuziba barabara mahali pawili. Magari ya mjini hayafiki huku. Labda kesho, labda keshokutwa. Wasio na haraka waligeuza hapo hapo. Waliobaki walijitwika mizigo wakaanza kutembea.

Mama Pacha alimtazama baba mkwe wake kutaka kujua atasema nini. Mzee alifunga vifungo vya koti, akaangalia barabara inavyopanda kilima, akangoja mkwe wake awe tayari.

Walikuwa hawana njia nyingine. Mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali ya mjini na uvimbe tumboni. Daktari wa upasuaji alikuwa mgeni, huja kwa zamu na kuondoka, na zamu yake ilikuwa inaishia kesho yake. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Alimwambia mwanawe, mume wa Mama Pacha, aliyekuwa akimuuguza, kwamba haingii chumba cha upasuaji mpaka amwone mzee wake kwa macho. Mwanawe alimbembeleza, wauguzi wakambembeleza, daktari akaja mwenyewe kitandani. Mama akageukia ukutani. Ndipo mwanawe akapiga simu nyumbani kumwambia mkewe amlete baba upesi, na kabla ya kukata akaongeza kwamba mama anasema amwangalie mzee miguu.

Hilo la miguu ndilo lililomsumbua Mama Pacha. Mzee alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Kila jioni mkewe alimvua soksi, akamkagua wayo, kisigino na katikati ya vidole, akitafuta wekundu, mpasuko, chochote kigeni. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemfundisha. Mzee mwenyewe hakuweza, maana mgongo ulikataa kuinama na macho yalikuwa yamefifia. Tangu mkewe alazwe, kazi hiyo haikuwa na mwenyewe. Mama Pacha alijaribu kuuliza mara moja, kwa kuzungukazunguka, kama Baba anahitaji msaada wowote jioni. Alijibiwa kwamba anatumia kioo. Ikawa basi. Mkwe anaanzia wapi kumwambia baba wa mumewe alete mguu auone? Hata baada ya ile simu aliona haya, akajiambia kwamba mama ana hofu za mgonjwa.

Sasa, kwenye ukingo wa daraja, alikaa akajiandaa. Yeye alikuwa fundi cherehani, na nguo alizoshona alizipeleka mwenyewe kwa wateja, mtaa hadi mtaa, kwa miguu yake. Kutembea alikujua. Alijipaka mafuta ya mgando kwenye visigino na katikati ya vidole. Alivaa soksi nje ndani ili mshono usimkwaruze. Kisha akavuta kamba za raba zake kuukuu, akazifunga juu kabisa, kisigino kisipate nafasi ya kucheza.

"Mtu angesema unakwenda kushindana mbio," mzee alimtania.

Mama Pacha alicheka, akainua macho, na kicheko kikamwishia mdomoni. Mzee alikuwa amevaa viatu vipya. Vyeusi, vya ngozi, vinang'aa kama vilivyotoka kwenye boksi. Alikuwa amevinunua ili mkewe amwone nadhifu wodini, na ndani ya basi, kwa kuwa walikuwa wamekaa, Mama Pacha hakuwa ameviangalia. Aliuliza kwa adabu kama Baba amekwisha kuvizoea. Mzee akajibu kwamba kiatu kizuri hakihitaji kuzoewa, akatangulia.

Walitembea. Barabara ilipanda, ikazunguka kilima, ikapanda tena. Mwanzoni walikuwa wengi, wakisimuliana na kupokezana mizigo, lakini wenye nguvu wakatangulia na wenye watoto wakabaki nyuma, hata wakawa wawili tu, mzee mbele na mkwe wake hatua chache nyuma, kama heshima inavyotaka.

Mzee alikwenda vizuri. Alikuwa dereva wa basi karibu maisha yake yote, na stendi nzima ilimwita Mzee Breki, kwa kuwa aliposimamisha gari abiria aliyelala hakuamka. Kisha, kabla ya muda wake kufika, alirudisha funguo ofisini akasema amechoka. Watu walishangaa, wakazoea. Jina likabaki.

Jua lilipopanda, Mama Pacha alisikia kisigino cha kushoto kikipata moto. Hakungoja. Alikaa pembeni, akavua raba, akapangusa jasho, akabandika plasta mahali pale kabla ngozi haijavimba. Mzee alisimama akimsubiri, mikono mgongoni.

"Ninyi vijana ngozi zenu laini," alisema. "Mimi hapa sina hata lengelenge moja. Sisikii kitu."

Alisema kwa majivuno kidogo, na Mama Pacha akamwonea wivu. Walitembea tena. Walikuwa hawajafika kona ya pili neno lile lilipomrudia. Sisikii kitu. Mtu mzima, viatu vipya, mwinuko kama ule, na hasikii kitu.

Ndipo akaanza kutega sikio. Mtu anayeshinda na cherehani hujua mashine inapobadilisha sauti, na mguu wa kulia wa mzee ulikuwa na sauti yake. Wa kushoto ulikanyaga kimya. Wa kulia ulikanyaga kwa mkwaruzo mdogo, kama mtu anayetafuna sukari. Alidhani ni changarawe za barabarani. Wakapita mahali penye majani, na sauti ile ikaendelea kule kule ndani.

"Baba," alisema, "nadhani kiatu cha kulia kimeingia jiwe."

"Hakuna jiwe."

"Tusimame kidogo tu tukung'ute."

"Kama kungekuwa na jiwe ningelisikia," mzee alisema, na hakupunguza mwendo.

Mama Pacha alitoa simu ampigie mumewe, mtandao haukuwepo. Alimfuata mzee, na kila mkwaruzo ulimwingia kama sindano kwenye kidole. Alijiona amebanwa pande mbili. Wakisimama, huenda wakachelewa na mama akakosa daktari. Wakiendelea, hajui kitu gani kinakatwa ndani ya kiatu kile. Na katikati kulikuwa na haya, haya ya kijinga aliyoibeba tangu nyumbani. Alimwomba tena. Mzee akamjibu kwa mkato kwamba viatu vyake anavijua. Alipomwomba mara ya tatu aliongeza mwendo.

Basi Mama Pacha akakaa chini. Alikaa katikati ya barabara, kwenye vumbi, na gauni lake la safari.

Mzee alitembea hatua kadhaa kabla ya kugeuka. Alimwambia ainuke. Hakuinuka. Alimkumbusha kwamba mama yao anangoja, na kwamba jua haliwasubiri. Mama Pacha alijibu kwamba anajua, ila hatainuka mpaka kiatu kile kivuliwe. Uso wa mzee ulibadilika. Hakuwahi kuambiwa hivyo na mke wa mwanawe, wala na mwanawe mwenyewe. Akageuka akaenda zake.

Mama Pacha alimwangalia akipanda peke yake, koti limenyooka mabegani, mguu wa kushoto kimya, wa kulia mbali sana sasa kusikika. Alijua anaweza kuwa ameharibu nyumba yake kwa siku moja. Mzee alifika kwenye kona. Hatua nyingine moja na angepotea nyuma ya kilima.

Pale konani alisimama. Alisimama kwa muda mrefu, mgongo umemwelekea. Kisha akarudi, taratibu, akaja akasimama juu yake, kivuli chake kikamfunika.

"Unajua kwa nini niliacha gari?" aliuliza.

Mama Pacha alitikisa kichwa.

"Tulikuwa tunashuka mteremko, basi limejaa. Nikaweka mguu kwenye breki. Sikuisikia. Nikatazama chini, mguu upo juu ya breki, umekanyaga, na mimi siusikii. Kama ningekuwa nimekanyaga mafuta nisingejua. Nikashusha abiria wote salama, nikarudisha funguo. Mama yenu ndiye peke yake anayejua."

"Baba, mimi nasikia kila hatua," Mama Pacha alisema. "Moto ukianza, nakaa. Wewe mguu wako hausemi. Ndiyo maana naogopa."

Mzee alikaa juu ya ukingo wa mtaro. Alinyoosha mguu wa kulia, akatazama pembeni, kule kwenye miti.

Mama Pacha alifungua kamba, akavuta kiatu. Kikatoka kwa shida. Ndani, chini ya soli ya ndani iliyojikunja, kulikuwa na mabaki ya kile kifuko kidogo cha karatasi ambacho viwanda hutia kwenye viatu vipya kuzuia unyevu. Kilikuwa kimepasuka. Punje zake ngumu, nyeupe, zilikuwa zimetawanyika hadi kwenye vidole, na baadhi hazikuwa nyeupe tena. Mzee alikuwa amekanyaga kifuko kile tangu asubuhi.

Soksi ilikuwa imelowa na kutoboka kwa chini. Aliimwagia maji ya kunywa kwanza, aivue bila kuvuta ngozi. Kwenye wayo, chini ya kidole gumba, palikuwa na lengelenge pana kuliko kifungo cha koti, upande mmoja limepasuka, na punje mbili zimezama kwenye nyama. Mama Pacha alisikia uchungu kwa kutazama tu. Mzee alikuwa ameukunja uso, lakini kwa aibu.

"Pabaya?" aliuliza.

"Pabaya, Baba. Lakini tumepaona."

Alipaosha kwa maji yote yaliyobaki. Alizitoa punje zile kwa kuzimwagia, hakuzichokoa. Ngozi iliyoinuka aliiacha ilivyo. Kwenye mkoba alikuwa na vitambaa vyeupe alivyovipiga pasi kwa ajili ya mama mkwe, akakunja kimoja akafunika. Kisha akafikiria. Kitambaa peke yake kingekandamizwa na uzito wa mzee, hata akisimama tu. Alihitaji kitu laini cha kuzunguka kidonda ili kidonda chenyewe kisiguse chini.

"Baba, naomba koti."

Mzee alimpa bila kuuliza. Alitoa wembe wa kufumulia nyuzi, akafungua bitana ya bega la kulia, akatoa sponji. Alilikata kama duara, akatoboa katikati, akaliweka lengelenge likae ndani ya tundu, akafunga vyote kwa utepe wa kitambaa. Kiatu hakikuingia tena. Hakujaribu hata kukilazimisha.

"Sasa twende polepole," mzee alisema.

"Mguu huu haukanyagi tena leo."

"Na mama yenu?"

Mama Pacha alitazama barabara. Mji ulikuwa bado mbali. Kumwacha pale peke yake ili akimbie kumbembeleza mama lilikuwa jambo lisilofikirika, na hata angefika, mama alikwisha sema anataka kumwona nani. Walikaa kando ya mtaro, na muda ukapita, na kila dakika Mama Pacha aliona kama inamtoka mwilini.

Alisikia mkokoteni kabla ya kuuona. Ulikuwa ukiletwa na mwanamume mmoja mnene wa mabega, amebeba madumu matupu anakwenda nayo upande wa mjini. Mama Pacha alisimama mbele yake, akamweleza kwa maneno machache. Mtu wa mkokoteni alitazama mguu uliofungwa, akaanza kupanga madumu upya.

Mzee ndiye aliyegoma. Alisema yeye si gunia la kupakiwa, amepeleka watu maisha yake yote na hajawahi kubebwa.

"Mzee wangu," mtu wa mkokoteni alisema, "abiria ni abiria. Panda, tuondoke."

Labda ni neno abiria lililomlainisha, labda ni uchovu. Alipanda. Alikaa juu ya madumu, mguu umenyooshwa, kiatu mapajani. Mwenye mkokoteni akavuta, Mama Pacha akasukuma kwa nyuma. Kwenye mteremko wa kwanza mzee alianza kutoa maagizo: usikate kona kwa ndani, acha mkia ufuate, punguza kabla ya kushuka, usingoje ukishashuka. Mtu wa mkokoteni aliitikia kila agizo kama utingo, ingawa alikuwa akiendesha vilevile alivyokuwa akiendesha mwanzo.

Furaha hiyo iliishia kwenye maporomoko. Udongo mwekundu ulikuwa umelala juu ya barabara, na ulikuwa bado unamwagika kidogo kidogo kutoka juu. Wafanyakazi wa barabara walikuwa wamepiga njia nyembamba ya kupita mtu mmoja mmoja, na chini yake kulikuwa na bonde. Mkokoteni haukuweza. Mwenyewe aliuegesha, akamwinamia mzee, akambeba mgongoni. Mama Pacha alifuata, ameshika mguu uliofungwa kwa mikono miwili usiguse tope. Katikati ya njia mtu yule aliteleza. Goti lake lilizama, wote watatu wakainama upande wa bonde, na Mama Pacha akajikuta ameinua mguu ule juu ya kichwa chake huku yeye mwenyewe amekaa kwenye tope. Kisha mtu wa mkokoteni akachomoa goti, akasogea, akasogea tena, wakatoka.

Mbele ya hapo palikuwa na lori la kuzoa udongo linalorudi mjini kwa njia ya mzunguko iliyokwepa poromoko la pili. Msimamizi alimwona mzee, akamwamuru dereva awachukue. Mtu wa mkokoteni alishikana mkono na mzee, akageuka kurudi kwa madumu yake.

Walifika hospitali jua limeanza kulala. Mume wa Mama Pacha alikuwa langoni, akawaona wameshuka kwenye lori wote wekundu kwa udongo, baba yake mguu mmoja peku na bega moja la koti limelegea. Alitaka kuuliza kilichotokea. Mama Pacha alimwambia alete kiti cha magurudumu kwanza.

Wodini, mama mkwe aligeuka kutoka ukutani. Hakumtazama mumewe usoni. Alitazama mguu. Alitazama kitambaa, utepe, fundo.

"Nani ameangalia?"

"Mkweo," mzee alisema.

Mama alimwashiria Mama Pacha asogee karibu. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa maumivu, lakini aliuliza kama mtu anayesahihisha kazi. Je, lengelenge alilipasua? Hakulipasua, lilikuwa limekwisha kupasuka upande mmoja. Aliacha ngozi? Aliacha. Aliangalia katikati ya vidole? Aliangalia.

"Na ule mwingine?"

Mama Pacha aliduwaa. Mguu wa kushoto hakuwa ameugusa. Ulikanyaga kimya, akausahau. Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu, mumewe akitazama, akavua kiatu cha kushoto na soksi yake. Safari hii hakuona haya. Palikuwa na doa jekundu nyuma ya kisigino, dogo, la moto ukiligusa. Ngozi haijavimba.

"Hapo ndipo pa kuwahi," mama alisema. "Lengelenge kila mtu analiona. Wewe uwe unalitafuta hilo doa." Alilala chali, akafumba macho. "Sikuwa naogopa kisu. Nilikuwa siwezi kulala pale mezani bila kujua, nisipoamka, nani atamwangalia. Yeye hawezi kusema panapouma. Haya, mwiteni daktari."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Mwanawe alitoka nje haraka, na si kwa sababu ya kumwita daktari tu.

Muuguzi wa vidonda alimsafisha mzee jioni ile, akatoa punje nyingine moja iliyokuwa imejificha, akamwandikia dawa na kumkataza kukanyaga. Kuhusu sponji lenye tundu aliuliza tu limetoka wapi, akalibadilisha kwa la kwake.

Asubuhi walimpeleka mama kwenye upasuaji. Wale watatu walikaa kwenye benchi la ukumbini, mzee katikati, miguu yote miwili wazi imewekwa juu ya begi. Saa zilipita kwa ubishi. Kila mlango ulipofunguliwa walinyanyuka wawili, na wa tatu akaambiwa akae. Mwishowe daktari alitoka, amevua kofia, nywele zimemlala kwa jasho, akasema uvimbe umetoka wote na mama anaamka. Mzee aliomba arudie. Daktari akarudia.

Mama alirudi nyumbani mapema kuliko walivyotarajia. Mguu ulichelewa. Kuna wiki ulinuka vibaya, wakarudishwa hospitali mbio, na Mama Pacha hakushona nguo hata moja wiki ile. Kisha ukaanza kufunga kutoka pembeni, taratibu mno, na mzee alilalamika kila siku ya muda huo wote, hasa kuhusu chai, ambayo alidai inaletwa imepoa kwa kuwa wanajua hawezi kuifuata jikoni.